Mpaka Uliohamia Bara: Ndithini na Sheria za Kupima Hatari ya Mipaka ya Kenya

Ndithini ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Masinga katika Kaunti ya Machakos, upande ambao Ukambani, nchi ya Wakamba, hupakana na Murang'a, na anayechunguza ulinzi wa mipaka ya Kenya kwa kawaida haanzii huko, kwa kuwa kutoka hapo hadi Somalia ni safari ya mamia ya kilomita inayopita Kitui na kuvuka Mto Tana, na Ethiopia iko mbali zaidi. Hata hivyo, historia ya sheria zilizohusu hatari za mipakani huenda ikaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa kutoka bara kuliko kutoka miji ya mpakani ya Mandera au Moyale, maana kwa sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza mipaka iliyolindwa kwa ukali haikuwa ile iliyotenganisha dola na dola tu, bali pia ile iliyochorwa ndani ya koloni lenyewe, baina ya kabila na kabila, na baina ya malisho ya Mwafrika na shamba la mlowezi.

Sheria ya kupima hatari ya mpaka, kwa maana inayotumika hapa, ni ile isiyoishia kumpa mtawala uwezo wa kufunga njia na kukamata watu, bali humlazimisha kwanza achunguze kinachotishia mpaka, aandike alichokiona, kisha akiwasilishe kwa chombo chenye mamlaka ya kumhoji. Mfano ulio wazi ni sheria ya Marekani iliyotiwa saini Desemba 14, 2016 kuhusu mpaka wake wa kaskazini, ambayo ilimpa Waziri wa Usalama wa Ndani siku 180 kuwasilisha kwa kamati za Bunge la nchi hiyo uchambuzi wa hatari zinazoukabili mpaka na Canada, mpaka unaokaribia urefu wa kilomita 8,900 ukijumlishwa na sehemu ya Alaska. Sheria hiyo ilitaka uchambuzi ueleze vitisho vya ugaidi na vya wahalifu, upungufu wa sheria zilizopo na hali ya ushirikiano na mamlaka za majimbo na za makabila ya asili, na ikataja kwa uwazi kwamba kinachopimwa ni hali ya vituo rasmi vya kuvukia pamoja na ya maeneo yaliyo kati ya kituo na kituo. Si kwamba sheria ya namna hiyo huleta usalama yenyewe. Inachofanya ni kumfanya mtawala adaiwe maelezo, na deni hilo ndilo lililokosekana Kenya kwa zaidi ya miaka 100.

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilifungua kituo chake cha Machakos, au Masaku kama wenyeji wanavyopaita, mwaka 1889, miaka 10 kabla ya reli kufika Nairobi, kwa hiyo Wakamba walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa bara kuandikwa katika ripoti za watawala. Ripoti hizo, ambazo baadaye zilikuwa desturi ya kila mkuu wa wilaya kuandika mwishoni mwa mwaka na ambazo nyingi zimehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ndizo zilizokuwa tathmini ya usalama ya zama zile. Zilieleza mvua na njaa, kodi iliyokusanywa, tabia ya machifu, wizi wa mifugo na minong'ono ya uasi, zikapanda kutoka wilaya hadi mkoa na kutoka mkoa hadi kwa gavana, na hazikurudi chini kwa waliotajwa ndani yake. Ofisa aliyeandika kwamba watu fulani ni wakorofi hakuhitaji kuthibitisha neno lake mbele yao, na aliyesoma neno hilo aliweza kulitumia kufunga wilaya nzima.

Uwezo wa kufunga ulitoka katika Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902, iliyomruhusu mkuu wa utawala kuitangaza wilaya kuwa imefungwa, yaani asiye mwenyeji asiingie humo bila kibali. Mwaka 1909 ikafuata sheria ya adhabu za pamoja, ambayo iliruhusu kijiji au ukoo utozwe faini kwa kosa la mtu mmoja asiyepatikana, na mwaka 1934 ikatungwa Sheria ya Wilaya Maalumu, iliyowapa maofisa wa wilaya za kaskazini nguvu za kuwakamata watu wa kabila lililotangazwa kuwa adui na kushika mali yao kabla ya hatia ya yeyote kuthibitishwa. Kinachogusa macho katika maandishi ya sheria hizi ni kwamba zote zimejengwa juu ya tathmini ya hatari, kwa sababu huwezi kuifunga wilaya wala kuliita kabila adui bila kuwa umekwisha kupima jambo fulani, lakini kwa sehemu kubwa zilimwachia ofisa mwenyewe aamue kipimo hicho kifanywe namna gani, kiandikwe wapi au kionyeshwe kwa nani. Mizani ilikuwa mkononi mwa ofisa, na sheria ikamwachia.

Ukambani haukufungwa kwa namna wilaya za kaskazini zilivyofungwa, ila ulizungushiwa mipaka ya aina nyingine. Mwaka 1926 serikali ilitangaza rasmi mipaka ya rizavu, jina walilolitumia wenyeji kwa maeneo yaliyotengwa ili Waafrika wakae humo kikabila, ardhi nyingine ikibaki mikononi mwa Taji la Uingereza au ikigawiwa walowezi. Rizavu ya Wakamba wa Machakos ilibanwa pande kadhaa: vilima vya Mua vilikwisha kuwa vya walowezi, upande wa Thika na Makuyu kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, na uwanda wa juu wa Yatta, ambao wafugaji wa Kikamba waliutumia kwa malisho hasa wakati wa kiangazi, ulihesabiwa kuwa ardhi ya Taji, hivyo kwamba aliyepeleka ng'ombe wake huko alifanya hivyo kwa kibali na kwa malipo, na kibali kiliweza kuondolewa. Kwa watu wa sehemu za kaskazini mwa wilaya, zikiwemo zile ambazo leo ni Masinga na Ndithini, mpaka ulikuwa jambo la kila msimu, kwani mvua ilipokosekana upande huu, majani yalikuwa upande ule, na kati yake kulikuwa na askari.

Hatari iliyotajwa zaidi katika mpaka huo ilikuwa ugonjwa wa mifugo. Karantini, yaani marufuku ya kutoa mifugo katika eneo kwa kuhofia kuenea kwa maradhi kama sotoka na homa ya mapafu, iliwekwa mara kwa mara kuzunguka rizavu ili kuwakinga ng'ombe wa walowezi, na kwa kuwa Mkamba hakuweza kuuza nje mifugo yake kwa uhuru, idadi yake ikaongezeka ndani, malisho yakachakaa, udongo ukamomonyoka, na maofisa wakaandika kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi. Haihitaji ujuzi mkubwa kuona kwamba sehemu ya tatizo lililopimwa ililetwa na dawa ya tatizo lililotangulia. Tathmini hiyo ndiyo iliyozaa amri ya 1938 ya kupunguza mifugo kwa nguvu, mwaka ambao kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi, na ndiyo iliyomtoa kiongozi wa Wakamba, Muindi Mbingu, na wafuasi wake, waume kwa wake, mnamo Julai mwaka huo wakaenda Nairobi kwa miguu, wakapiga kambi katika mtaa wa Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini serikali ikalegeza kamba na amri ya kuuza kwa nguvu ikaachwa. Hiyo ni mojawapo ya nyakati chache katika koloni ambapo waliopimwa waliipinga hadharani tathmini iliyowahusu, nao hawakufanya hivyo kwa njia iliyowekwa na sheria, kwa sababu njia hiyo haikuwepo.

Mpaka wa rizavu ulimfuata mtu hata alipouvuka kihalali. Sheria ya uandikishaji ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 awe na kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake, jina, wilaya na chifu wake, ambamo mwajiri alijaza tarehe ya kumwajiri, mshahara aliomlipa na tarehe ya kumwachilia, nayo ikakunjwa ndani ya kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri aliyekataa kuweka saini mahali pa kuachiliwa aliweza kumfanya kibarua kuwa mtoro bila kesi yoyote. Kijana aliyetoka kaskazini mwa Machakos kwenda kukata mkonge Makuyu alikuwa amevuka mpaka ambao ramani za dunia haziuonyeshi, na hati yake ilisomwa na kukaguliwa kama pasipoti inavyokaguliwa leo.

Hali ya Hatari iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring Oktoba 20, 1952 iliupa mpaka wa Wakamba na Wakikuyu uzito mpya. Sasa aliyeogopwa alikuwa mpiganaji wa Mau Mau, vuguvugu la kupinga ukoloni lililokuwa na nguvu hasa kwa Wakikuyu, au mlisha kiapo wake, na swali lililowashughulisha maofisa ni kama vuguvugu lingevuka na kuingia Ukambani, ambako jeshi na polisi ya koloni vilikuwa vikipata askari wengi. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekewa vitabu maalumu vya safari na wakazuiwa kutoka wilaya zao bila ruhusa. Wakamba, kwa tathmini ya serikali, hawakuingizwa katika kundi hilo, bali walifuatiliwa, wakabembelezwa, na wilaya yao ikaendelea kupewa fedha za mabwawa na matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mwanahistoria Myles Osborne ameonyesha kwa kina jinsi sifa ya uaminifu wa Wakamba ilivyokuwa kitu cha kujadiliwa na kulipiwa, si tabia ya kuzaliwa. Alama iliyobaki ardhini ni Mfereji wa Yatta, unaochukua maji ya Mto Thika na kuyapeleka takriban kilomita 60, ambao ulichimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliozuiliwa chini ya sheria za Hali ya Hatari, kwa hiyo wakulima wa Yatta humwagilia mashamba yao kwa maji yaliyofikishwa huko na wafungwa ambao kosa la wengi wao lilikuwa kabila lao.

Kipindi hicho ndicho kilichozipa kamati za usalama na ujasusi za wilaya sura ya kudumu. Kamati ya aina hii ilikuwa kikao cha siri cha mkuu wa wilaya, mkuu wa polisi na ofisa wa upelelezi, na kazi yake ilikuwa kukusanya habari za machifu, kuzipima na kupeleka muhtasari juu. Uhuru ulipokuja Desemba 1963 bendera ilibadilika, Katiba ikabadilika, kamati zikabaki. Ngazi ileile ya naibu chifu, chifu, ofisa wa tarafa, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa iliendelea kupandisha taarifa, na mwananchi aliyeitwa barazani kuelezwa hatua za usalama aliambiwa uamuzi, hakuambiwa sababu.

Hapa mpaka wa Ethiopia uliingia katika historia ya Ndithini kwa njia ya utawala. Mgawanyo wa mikoa wa 1963 uliitoa Machakos katika Mkoa wa Kusini na kuiweka katika Mkoa wa Mashariki, wenye makao makuu Embu, pamoja na Kitui, Embu, Meru, Isiolo na Marsabit, mkoa mmoja ulioanzia nyanda za Wakamba ukaishia Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Wakati huohuo Wasomali wengi wa iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kuungana na Somalia, na Desemba 28, 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, serikali ikatangaza hali ya hatari kaskazini-mashariki, mwanzo wa vita vilivyoitwa vya mashifta. Kanuni za 1966 zilizoitwa za Mkoa wa Kaskazini-Mashariki na Wilaya Zinazopakana Nao zilizitaja pia Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Ikawa katika Mkoa wa Mashariki, chini ya mkuu mmoja wa mkoa, raia wa Machakos alitawaliwa kwa sheria ya kawaida, na raia wa Marsabit alitawaliwa kwa kanuni zilizoruhusu akamatwe, azuiliwe na akusanywe kijijini kwa nguvu.

Tofauti hiyo haikutokana na uchunguzi wa mtu mmojammoja, bali na wilaya aliyozaliwa. Bunge liliweza kuombwa liidhinishe amri za aina hiyo, lakini kuidhinisha amri si sawa na kuonyeshwa tathmini iliyoizaa, na baada ya makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967 kati ya Kenya na Somalia kumaliza vita, Bunge lilipitisha mwaka 1970 sheria ya kinga iliyozuia watumishi wa serikali kushtakiwa kwa waliyoyafanya huko kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967. Kwa sheria hiyo, hata kupima baada ya tukio kulifungwa mlango. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa hadi Novemba 1991, na zile sheria za 1902 na 1934, ya wilaya za pembezoni na ya wilaya maalumu, ziliendelea kuwa katika vitabu vya sheria vya Jamhuri hadi zilipofutwa mwaka 1997, katika marekebisho yaliyotokana na mapatano ya vyama kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Inafaa kusisitizwa kwamba Kenya huru iliishi na sheria hizo kwa miaka 34, muda mrefu kuliko ule ambao Waingereza waliitumia ya 1934.

Mabadiliko ya kweli katika maandishi yalikuja na Katiba ya 2010. Kifungu cha 240 kiliunda Baraza la Usalama wa Taifa, linaloongozwa na Rais, na aya yake ya 7 inalitaka litoe taarifa Bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama wa Kenya. Ni sentensi moja fupi, lakini ndiyo ya kwanza katika historia hii yote inayomdai mwenye nguvu za usalama hesabu ya kila mwaka. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 iliongeza mamlaka za kaunti za kusimamia masuala ya polisi, ambamo gavana na wawakilishi wa wananchi wangefuatilia mienendo ya uhalifu katika kaunti yao, wazo zuri ambalo utekelezaji wake umesuasua.

Lakini sheria iliyofuata ilisukumwa na damu. Baada ya watu 67 kuuawa katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi Septemba 2013, wasafiri 28 wa basi kuuawa Mandera Novemba 22, 2014 na wachimba mawe 36 kuuawa katika kaunti hiyohiyo siku 10 baadaye, Bunge lilipitisha kwa vurugu Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama, iliyotiwa saini Desemba 19, 2014. Mahakama Kuu ilizifuta baadhi ya sehemu zake Februari 23, 2015, ikiwemo ile iliyoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, lakini sehemu iliyounda kamati ya kuratibu udhibiti na shughuli za mipakani ilibaki. Kamati hiyo, inayokusanya maofisa wa uhamiaji, forodha, polisi, ujasusi, jeshi, bandari na viwanja vya ndege, ilipewa kazi ya kutunga sera na kuratibu ubadilishanaji wa habari katika vituo vilivyoteuliwa vya kuingilia na kutokea nchini. Maneno hayo ya vituo vilivyoteuliwa yana uzito. Mpaka wa Kenya na Somalia una urefu wa takriban kilomita 680, na wanaouvuka kwa nia mbaya hupita njia za panya, si lango lenye mihuri. Sheria ya Marekani ilitaja kilicho kati ya lango na lango. Ya Kenya ililitazama lango.

Pengo hilo halikubaki tupu, ila lilizibwa huku bara. Barabara ya Thika hadi Garissa, inayopita Matuu katika eneo la Yatta linalopakana na Masinga, imekuwa kwa miongo mingi mahali ambapo mpaka wa Somalia hukaguliwa bila kuonekana: basi husimamishwa kwenye kizuizi, utingo hufungua mlango, askari hupanda na kuomba vitambulisho, akapita haraka mbele ya mama wa Kikamba mwenye gunia la maembe, akasimama mbele ya kijana mwenye sura ya Kisomali, akageuza kitambulisho chake mbele na nyuma, akamwuliza anakotoka na anakokwenda. Mwaka 1989 serikali iliwasaili Wakenya wa asili ya Kisomali na kuwapa kadi ya pili ya rangi ya waridi, na kwa miaka mingi baadaye vijana wa kaunti za mpakani waliotaka kitambulisho walipitishwa mbele ya kamati ya mchujo ambayo mwenzao wa Ndithini hakuwahi kuiona. Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir, Februari 2025, tamko la kuukomesha mchujo huo wa ziada, na waliolipinga, wakiwemo viongozi wa dini na wa siasa wa maeneo mengine, walihoji usalama wa taifa utalindwaje. Ajabu ya mjadala ule ni kwamba pande zote mbili zilibishana bila kuwekewa mezani takwimu za hadharani za kuonyesha mchujo uliwahi kuzuia nini.

Hali ni hiyohiyo kuhusu mpaka wenyewe wa Somalia, ambao serikali ilitangaza Mei 2023 kwamba vituo vyake vitafunguliwa tena kwa awamu, kisha Julai, baada ya mashambulizi mapya, ikaahirisha. Inawezekana kabisa kwamba maamuzi yote mawili yalikuwa sahihi kwa wakati wake, na si kila habari ya kijasusi inayofaa kusomwa hadharani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yenyewe inalinda siri za usalama. Lakini kati ya siri ya operesheni na kimya kitupu kuna nafasi kubwa, na taarifa ya kila mwaka iliwekwa katika Katiba ili ijaze nafasi hiyo. Taarifa hiyo ni mali ya Bunge zima, si ya wabunge wa kaskazini peke yao. Mbunge wa Masinga ana haki sawa na mwenzake wa Mandera ya kuisoma, kuuliza ni kwa ushahidi gani kizuizi kimewekwa Ukambani badala ya kwenye njia ya panya, na kutaka sheria ya 2014 irekebishwe ili tathmini ihusu pia nchi iliyo kati ya lango na lango. Na wapiga kura wa Ndithini, ambao babu zao walipimwa kwa ripoti wasizozisoma, wamwulize kama ameisoma.